Ruta ya Masafa Marefu na Chumba cha Uani

Ijumaa moja baada ya sala, wakati tukivaa viatu nje ya msikiti, ndugu yetu mmoja mkazi wa Njiro alitushika mkono akatuonesha picha katika simu yake. Ilikuwa picha ya ruta nyeusi yenye antena nane, imekaa mfano wa buibui aliyepinduliwa. Muuzaji wa dukani mjini alikuwa amemhakikishia kwamba kifaa hicho ni cha masafa marefu, kimetengenezwa makhsusi kwa ajili ya gemu, na kwamba mawimbi yake yatafika kila pembe ya kiwanja mpaka getini. Bei yake ilikaribia laki nne. "Nyinyi ndio watu wa kuandika," alituambia. "Niambieni basi, fedha hii niitoe au niiache?"

Tulimuuliza anaihitajia nini. Akatueleza kwamba kijana wake, ambaye amemaliza kidato cha nne na anasubiri matokeo, amehamia chumba cha uani pamoja na PlayStation yake. Huko hucheza mpira na michezo ya vita na wenzake kupitia intaneti, na kila usiku hulalamika kwamba mchezo unaganda. Akibonyeza kupiga shuti, mpira unaondoka mguuni wakati beki ameshafika. Kijana mwenyewe ndiye aliyeichagua ruta ile na kumtumia baba yake picha. Mzee, kwa upande wake, alitaka tu malalamiko yaishe.

Swali hili si la nyumba moja. Tumeulizwa na wazazi wa Sakina, wa Moshono na wa Usa River, na karibu kila mara muulizaji huwa amekwishachagua kifaa, na anachokitaka kwetu ni idhini. Tukamwomba ndugu yetu atukaribishe nyumbani kwanza. Zulia halinunuliwi kabla ya kupimwa chumba, na ruta vivyo hivyo.

KABATINI, CHINI YA KITAMBAA

Anayeijua Njiro anajua namna nyumba zake zilivyokaa. Viwanja ni vipana, havifanani na vya Kaloleni au Unga Limited ambako jirani akikohoa unamwitikia. Nyumba kubwa iko katikati, ukuta umezunguka, na nyuma kuna vyumba viwili vitatu vya uani vilivyojengwa kwa ajili ya msaidizi wa kazi au mgeni. Aghalabu, kijana wa kiume akibaleghe, huko ndiko anakohamia. Ni ada nzuri, nasi hatuna neno nayo.

Ruta ya nyumba hii tuliikuta sebuleni, katika pembe iliyo upande wa barabara, ndani ya kabati la vioo, kati ya sahani za harusi na birika la shaba, imefunikwa kitambaa cha kufuma kwa uzi mweupe. Mama wa nyumba hakupenda taa zake zimulike usiku. Fundi aliyeileta intaneti alikuwa ameiweka hapo kwa sababu hapo ndipo waya wake ulipoishia, na tangu siku hiyo hakuna aliyeigusa. Kutoka kabatini hadi kitanda cha kijana tulihesabu hatua thelathini na mbili. Katikati yake zilikuwapo kuta nne za tofali za saruji zilizopigwa lipu pande zote mbili, jokofu kubwa, mlango wa chuma wa jikoni, na tangi la maji la lita 2,000 lililosimama mbele kabisa ya dirisha la chumba cha uani.

Mawimbi ya ruta hupungua upesi kuliko watu wanavyodhani. Hata mahali pa wazi, ukiongeza umbali mara mbili, nguvu inayokufikia inabaki robo. Tofali la saruji hula sehemu yake, chuma huyarudisha mawimbi yalikotoka, na maji huyanywa. Tangi lile peke yake lilikuwa pazia zito kuliko ukuta. Yale mabati ya paa, ambayo watu huyalaumu sana, hayana kosa kubwa pale ambapo ruta na mtumiaji wote wako chini yake. Huwa tatizo kwa mwenye ghorofa, au kwa anayetegemea ruta ya laini ya simu inayotafuta mnara ulio nje.

Tena ruta nyingi za sasa husema kwa bendi mbili. Bendi ya gigahezi 2.4 hufika mbali zaidi na hupenya kuta, lakini ni njia nyembamba na ina msongamano: chaneli zake zisizoingiliana ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11, na humo humo hupita vifaa vya bluetooth na tanuri za maikrowevu. Bendi ya gigahezi 5 ni pana na ni nyepesi, lakini hukata tamaa ukutani. Kwa hiyo anayesoma kwenye boksi "AX3000" aelewe kwamba namba hiyo ni jumla ya bendi mbili, 574 na 2,402, imezungushwa. Hakuna kifaa kimoja kitakachopata zote, na ile kubwa hupatikana ukiwa karibu, chumba kimoja na ruta. Uani hutaiona.

Je, antena nane hazitasukuma mawimbi mbali zaidi? Nguvu ya kurusha imewekewa mpaka na sheria karibu kila nchi, na hapa kwetu vifaa vya mawasiliano vinatakiwa viwe vimeidhinishwa na TCRA. Mtengenezaji hana ruhusa ya kupiga kelele apendavyo. Antena nyingi husaidia kuelekeza mawimbi na kusikiliza vyema zaidi, hilo hatulikatai, lakini halimfanyi mtu aliye nyuma ya kuta nne awe kana kwamba yuko sebuleni.

Na kuna jambo ambalo wauza ruta hawalisemi. Waifai ni mazungumzo ya watu wawili. Muadhini akiadhini kwa kipaza sauti cha mnarani, mtu aliye ng'ambo ya Mto Themi atamsikia vizuri. Lakini mtu huyo akimwitikia kwa sauti ya kinywa chake, muadhini hatasikia kitu. Simu na mashine ya gemu zina antena ndogo na nguvu ndogo. Ndiyo maana mtu huona alama zote za mawimbi zimejaa kwenye simu yake na bado hakifunguki chochote: ruta anaisikia, ila yeye hasikiki. Ukiongeza sauti ya muadhini hujamsaidia anayeitikia.

MUDA WA KWENDA NA KURUDI

Kijana alitupokea kwa adabu, akatukaribisha chumbani kwake. Tukamwambia tutapima kitu kimoja tu, kile ambacho wachezaji hukiita pingi: muda ambao ujumbe mdogo hutumia kwenda mahali na kurudi, unaohesabiwa kwa milisekunde, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa mchezaji huu ndio muhimu, kuliko megabiti anazotangaziwa. Gemu lenyewe, ukiacha kulipakua, halili data nyingi. Filamu moja ya picha safi inaweza kutumia gigabaiti 3 kwa saa, na mchezo wa mpira hautumii hata sehemu ya kumi ya hiyo. Kinachomuumiza ni kuchelewa, na zaidi ya kuchelewa, kuchelewa kusikotabirika.

Kipimo hiki kila mzazi anaweza kukifanya bila ya fundi. Kwanza upime kutoka kwenye kifaa chako hadi kwenye ruta yako mwenyewe, ambayo anwani yake mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Kisha upime hadi nje, kwenye seva ya mchezo. Kipimo cha kwanza hukuonesha ugonjwa ulio ndani ya nyumba yako. Cha pili hukuonesha na ule wa safari.

Tukiwa tumesimama mbele ya kabati, ruta ilijibu kwa milisekunde 3. Kule uani ilijibu kwa 20, kisha 35, kisha 280, kisha haikujibu kabisa, kisha 400. Hapo kijana akatutazama kama aliyeshinda kesi. Lakini tulipomwomba aje sebuleni na kupima hadi kwenye seva ya mchezo wake wa vita, akiwa hatua mbili tu kutoka kwenye ruta, namba ilisimama kwenye 170. Haikupanda wala haikushuka.

Hiyo 170 hakuna ruta duniani itakayoiondoa. Mwanga ndani ya mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 100 za umbali hugharimu milisekunde moja ya kwenda na kurudi. Seva aliyokuwa akiitumia ilikuwa Ulaya. Kutoka Arusha hadi Frankfurt ni zaidi ya kilomita 6,000 kwa mstari ulionyooka, maana yake chini ya milisekunde 60 haiwezekani hata kwa muujiza wa ufundi. Na mikongo hainyooki. Ujumbe wetu huteremka kwanza hadi pwani, huingia baharini, huzunguka, hupokezana vituo. Johannesburg ni karibu zaidi, takriban kilomita 2,700, na baadhi ya michezo ina seva zake Afrika Kusini na nyingine Ghuba. Mchezo wake uliruhusu kuchagua eneo la seva. Yeye alikuwa hajawahi kufungua ukurasa huo. Alipobadilisha, 170 ikashuka hadi karibu 120. Haikumgharimu hata shilingi.

Baba mtu alicheka, lakini si cheko la furaha. Akatukumbusha Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Siku ile mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo, zikakaa na intaneti ya kusuasua kwa siku kadhaa. Yeye hakujua. Aliona nyumbani mambo yamekwama, akaamini ruta imezeeka, Jumatatu akaenda kununua mpya. Ndiyo hii iliyomo kabatini. Intaneti iliporudi, akaamini ruta mpya ndiyo iliyoirudisha.

Kuna chanzo cha tatu cha kuchelewa ambacho hukaa kati ya hivyo viwili, na nyumba nyingi za Njiro zinacho bila kujua. Ni foleni. Nyumba hii ina kamera nne za ulinzi ambazo hupeleka picha nje usiku na mchana, dada wa kijana anasoma Chuo cha Uhasibu na hutuma kazi zake jioni, na mama huweka picha za vitenge na madera kwa wateja wake wa WhatsApp baada ya Isha. Njia ya kupandisha data huwa nyembamba kuliko ya kushusha. Inapojaa, ujumbe mdogo wa mchezaji hujipanga nyuma ya malori. Ruta yoyote nzuri ina mahali pa kuweka kipaumbele, ili kifaa fulani kipishwe kama gari la wagonjwa linavyopishwa barabarani. Ruta ya nyumba hii ilikuwa nacho kipengele hicho. Kilikuwa kimezimwa. Tulipunguza pia ubora wa picha za kamera mbili zinazotazama ukuta mtupu.

"KWA NINI IFIKE?"

Muda wote huo mama wa nyumba alikuwa amekaa mkekani akichambua mchele, hasemi. Tulipoanza kujadiliana na mumewe namna ya kuvusha mawimbi hadi uani, akaweka ungo chini.

"Nyinyi mnauliza vipi ifike," alisema. "Mimi nauliza, kwa nini ifike?"

Akatueleza mambo ambayo mumewe hakuyataja msikitini. Tangu kijana ahamie uani, mwanga huonekana chini ya mlango wake saa nane usiku, saa tisa. Alfajiri baba yake hugonga mara tatu, na siku nyingine huenda msikitini peke yake. Mdogo wake wa darasa la sita ameanza kujipenyeza huko akisema anaenda kuazima kalamu. Na juu ya yote, mama hajui mwanawe anazungumza na nani. Michezo hii ya pamoja ina vipaza sauti vya kichwani; mtoto husema na watu asiowajua, wa umri wowote, kutoka popote. "Akicheza hapa, hata nikiwa jikoni nasikia lugha anayozungumza. Kule sisikii kitu."

"Mama watoto," alijibu mumewe kwa upole, "huyu si mtoto tena."

"Ndiyo maana sitaki kumfungia. Lakini na kumnunulia giza kwa laki nne pia sitaki."

Kijana aliomba ruhusa ya kusema. Alisema sebuleni kuna wageni, kuna taarifa ya habari ya baba, na wadogo wanataka katuni. Atacheza saa ngapi? Kisha akasema neno ambalo wazazi wote wawili, kwa namna walivyotazamana, hawakuwa wakilijua. Mtu anayecheza naye zaidi ni mtoto wa khalati yake aliyeko Muscat. Walikua pamoja likizo za utotoni kabla jamaa wale hawajahama, na sasa hawazungumzi kwa simu. Huzungumza wakiwa wanacheza. Oman iko mbele yetu kwa saa moja, na mapumziko yao ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi. Kwa hiyo usiku wa yule kijana kuwa huru ni wa Alhamisi, na hujiunga baada ya chakula, saa nne yake, saa tatu yetu. Wakianza hivyo, saa saba huwakuta.

Hatukuwa na kipimo cha jambo hilo mfukoni. Tulikwenda kutazama mawimbi, na tukajikuta mbele ya familia inayoulizana kijana wa miaka kumi na saba akae umbali gani na wazee wake. Maoni yetu tuliyasema wazi, na hapa tunayarudia: neno "masafa marefu" mzazi asilichukue kuwa ni sifa ya kifaa tu. Kila hatua mawimbi yanayoongezewa ni hatua ambayo kioo cha mtoto kinaruhusiwa kwenda mbali na watu wa nyumbani, na jambo hilo lafaa liamuliwe na baba na mama wakiwa wamekaa, kabla ya muuzaji hajaliamua kwa niaba yao. Wapo watakaoamua ifike mpaka uani, na wana sababu zao. Mwanafunzi wa chuo anayesomea huko anaihitajia. Lakini iwe wameamua.

Mama aliuliza pia kuhusu fedha anazoombwa kwa simu kwa ajili ya "pakiti za wachezaji". Hilo ruta haliwezi. Katika michezo kadhaa ya mpira mtoto hununua pakiti iliyofungwa bila kujua ndani yake atapata mchezaji gani. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilitamka kwamba masanduku ya namna hii ni kamari kwa sheria ya nchi ile, na mapema mwaka 2019 kampuni ya EA ikaacha kuuza huko sarafu za kununulia pakiti za FIFA. Familia ya Kiislamu haihitaji kusubiri tume. Akaunti ya familia ndani ya mashine yenyewe ina mahali pa kufunga ununuzi wote, na kijana, tuseme kweli, alitusaidia kupatafuta.

TULICHOSHAURI

Ruta ya antena nane haikununuliwa. Haikununuliwa ruta yoyote, kwa kuwa ile ya mwaka 2024 ina bendi zote mbili na inatosha. Ilitolewa kabatini, ikavutiwa waya kutoka kwenye kisanduku cha faiba, ikapandishwa juu ya mlango wa korido katikati ya nyumba, mahali pa wazi, karibu urefu wa dari. Kwa hatua hiyo moja vyumba vyote vinne vya ndani vikapata mawimbi mazuri. PlayStation tuliipa waya wake wa mtandao sebuleni, na pingi ya kutoka kwenye mashine hadi kwenye ruta ikawa milisekunde 1, haitikisiki hata mama akiwasha maikrowevu. Waya wa mita 30 wa shaba halisi, pamoja na vichwa vyake, ni fedha ndogo mno ukiulinganisha na laki nne. Mnunuzi aangalie tu asiuziwe ule wa alumini uliopakwa shaba, ambao ni mwepesi mkononi na hukatika upesi.

Kwa mwenye kuhitaji ruta kweli, iwapo yake ni ya bendi moja au imechoka, ya kawaida ya Wi-Fi 6 yenye bendi mbili na tundu za waya zenye kasi ya gigabiti inaitosha nyumba ya familia. Atazame kama ina ratiba ya kila kifaa, kipaumbele, na mtandao wa wageni. Maneno "gemu" na taa nyekundu hulipiwa bure.

Anayetaka kuvuka uwanja kwenda jengo la pili tunamwambia ajihadhari na vile vifaa vya kuchomeka ukutani vinavyorudia mawimbi. Ni mfano wa yule anayerudia takbira ya imamu ili safu za nyuma zisikie: hufikisha, lakini lazima amsikilize imamu kwanza ndipo aseme, na wa nyuma huinama baadaye. Kwa barua pepe si neno. Kwa gemu ndiyo balaa yenyewe. Bora kupeleka waya hadi huko na kuweka ruta ndogo ya pili, kama msikiti unavyopeleka waya wa kipaza sauti hadi ukumbi wa akina mama. Waya mmoja hufika mita 100. Lakini ukipita nje kati ya majengo mawili, shaba hukaribisha radi, na mvua za Meru tunazijua. Kwa njia hiyo ni afadhali faiba, au jozi ya antena ndogo zinazotazamana.

Haki ya jirani nayo imo. Katika viwanja vipana labda haionekani, lakini katika nyumba za wapangaji na hosteli zinazozunguka chuo, kila anayeongeza nguvu ya ruta yake humzibia mwenzake chaneli, naye mwenzake huongeza, na mwisho wote hawasikilizani. Nywila ya kuingilia kwenye mipangilio ya ruta, ile iliyokuja nayo kutoka kiwandani, ibadilishwe siku ya kwanza. Tumekuta nyumba ambayo wapita njia walikuwa wakikaa chini ya mwarobaini nje ya ukuta, na wenyewe wakidhani ni kivuli kinachowavuta.

Tulisahau umeme, na kijana ndiye aliyetukumbusha. Kibetri maalumu cha ruta hushikilia ruta na kisanduku cha faiba kwa saa kadhaa. Mashine ya gemu haishikilii, na mama akasema hapo hapo kwamba pana kheri.

Ratiba waliipanga wenyewe, sisi tukiwa tunakunywa chai. Mashine itakaa sebuleni. Siku za kawaida itafungwa na ruta saa nne usiku. Alhamisi saa tano, kwa ajili ya Muscat. Baba atatazama taarifa ya habari kwa simu yake siku hiyo, jambo ambalo alilikubali kwa shingo upande. Tuliwaonya kwamba ratiba ya ruta haimzuii mwenye bando kwenye simu yake. Kijana akatabasamu, mama akamwona. Chumba cha uani kitapelekewa waya akianza masomo ya juu, au labda kabla yake. Hapo hawakuafikiana, na hatukuona ni kazi yetu kuwaafikianisha.

Alhamisi iliyofuata tulipita kuona kama vichwa vya waya vimekaa sawa. Saa tatu na dakika chache kijana alikuwa mkekani, mchezo umeanza, wadogo zake wawili wamemzunguka wakimwelekeza wasichokijua. Mama alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga, akauliza, "Ndiye huyo?" Kijana akaivua ile ya kichwani akampa.

"Shikamoo, khalati," ilisema sauti kutoka Muscat.

Akamwitikia, akamuuliza mama yake hajambo, baba yake, nyumba, joto. Kwenye kioo wachezaji walikuwa wamesimama, na wapinzani wakafunga bao.